Korona ilifika Misisi, ila ilipitia chumba cha upasuaji



Kila mara nikirudi nyumbani Misisi nasikia neno lilelile: "Korona? Ile ilikuwa ya wazungu na ya watu wa Kinshasa. Hapa haikufika." Mimi nilisomea kilimo, si udaktari. Lakini ile hesabu nimeikataa, na leo nitawaambia kwa nini.

Tuanze na tarehe. Mgonjwa wa kwanza wa nchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Tarehe 24 mwezi huohuo Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Vyuo vilikuwa vimeshafungwa, nami nikarudi nyumbani na begi yangu na noti za udongo.

Nilimkuta mjomba wangu, mchimba dhahabu, akiwa na ngiri, ile wengi kwetu wanaita ernia. Alikuwa amepewa siku ya kupasuliwa mwezi wa nne. Siku ilipokaribia akaambiwa arudi baadaye: glavu zimepungua, zinabakizwa kwa wamama wanaojifungua na kwa majeruhi. Mjomba hakubisha. Kusema kweli alifurahi, juu watu walikuwa wanasema ukiingia hospitali na kikohozi hutoki tena.

Msiwacheke waliomrudisha. Woga wa waganga una historia katika nchi yetu. Mwezi wa nne 1995, kule Kikwit, mfanyakazi wa maabara alipasuliwa tumbo mara mbili. Walidhani utumbo umetoboka kwa tifoidi, kumbe ilikuwa Ebola. Waliompasua na kumtunza wakaambukizwa, na kati yao masista wa Italia wakafa. Ugonjwa ule ulipata watu 315, karibu 250 wakafariki, na wafanyakazi wa afya walioambukizwa walikuwa kama 80. Kisu kimoja kilifungua njia.

Na korona nayo ilikuwa hatari juu ya kitanda cha upasuaji. Mwezi wa tano 2020 kundi la madaktari wapasuaji linaloitwa CovidSurg lilichapisha hesabu ya wagonjwa 1,128 wa nchi 24, waliokuwa na virusi karibu na siku ya kupasuliwa. Karibu mmoja kwa kila wanne alikufa ndani ya siku 30, wengi juu ya mapafu. Kundi hilohilo lilikadiria kwamba operesheni zaidi ya milioni 28 duniani zingeahirishwa au kufutwa katika majuma 12 ya msukosuko mkubwa.

Kwa hiyo kuahirisha kulikuwa na akili. Shida ni kwamba kuahirisha vizuri kunadai kipimo: ujue nani ana virusi na nani hana. Mwezi wa sita 2020 Dokta Denis Mukwege wa Panzi alijiuzulu uongozi wa tume ya jimbo ya kupambana na korona. Moja ya malalamiko yake: majibu ya vipimo yalichukua zaidi ya majuma mawili kurudi, juu sampuli zilipelekwa Kinshasa. Kama Bukavu walingoja hivyo, sisi wa Fizi tungengoja hadi lini? Basi wote waliwekwa kapu moja, mwenye virusi na asiye navyo.

Na ngiri haingoji. Ni kama mahindi: usipopalilia majuma ya kwanza, mavuno yanapotea mbele jicho halijaona kitu. Kipande cha utumbo kinaponaswa kwenye tundu, damu haipiti tena. Baada ya saa chache kinaanza kufa. Hapo operesheni ndogo ya kupanga inageuka operesheni kubwa ya usiku.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa sita, usiku, mjomba akaanza kutapika na kulia. Kwa sababu ya usalama hakuna aliyethubutu barabara mbele ya mapambazuko. Asubuhi tukampakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia. Walimkata sehemu ya utumbo. Alipona, lakini kidonda kiliota usaha majuma mengi, mbuzi wote wakauzwa, na shimoni hakurudi tena hadi leo.

Jina lake haliko kwenye orodha yoyote ya korona. Hakuwahi hata kukohoa.

Tena ugonjwa ule ulikuta nyumba tayari ina ufa. Mwaka 2018 utafiti uliofanywa katika nchi 25 za Afrika ulionyesha kwamba mgonjwa wa huku anakufa baada ya operesheni mara mbili kuliko wastani wa dunia, hata kama ni kijana zaidi. Wengi hufa siku zinazofuata, wodini, si mikononi mwa mpasuaji.

Mwaka 2024 mpox ilisumbua Kamituga, mji wa dhahabu kama wetu. Mwingine utakuja. Mimi naomba kitu kidogo: hospitali inayoahirisha iandike majina ya walioahirishwa, ipange nani hawezi kungoja, na iwatafute nyumbani. Daftari na simu vinatosha kuanza.

Na wewe unayesoma: nyumbani kwenu, 2020, nani aliambiwa "rudi baadaye"? Muulize, halafu andika.