Kalisaiti ya Rusinga

Madini ya kaboneti ya kalsiamu yaliyohifadhi visukuku vya kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, Kenya. Chanzo chake ni volkano ya kale ya Kisingiri, ambayo majivu yake yalikuwa na kaboneti nyingi kuliko kawaida. Maji ya mvua yaliyeyusha kaboneti hiyo, yakapenya kwenye mifupa, mbegu na wadudu waliofukiwa, kisha kalisaiti ikajaza matundu au ikashika nafasi ya mwili uliooza. Ndiyo maana Rusinga ina visukuku vya matunda na hata vya viwavi vyenye umbo kamili, jambo adimu mno.

Kuitambua si kazi ngumu: kisu huikwaruza, huvunjika kwa pande za mshazari, na asidi hafifu huifanya itoe mapovu. Kwatzi, madini yanayoweza kudhaniwa kuwa kalisaiti, haitoi mapovu, nayo hukwaruza kioo. Asidi isitiwe kwenye kisukuku chenyewe, kwa kuwa hukila.

Mika, madini mengine yaliyomo kwenye majivu, ilisaidia kupima umri wa matabaka yenye visukuku hivyo: takriban miaka milioni 18. Fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyeitwa Proconsul liligunduliwa humo na Mary Leakey mwaka 1948.