Gari Likijaa: Karibu Karne ya Kusubiri Chini ya Meru

Arusha haijawahi kuwa na tramu. Afrika Mashariki nzima iliionja kidogo tu. Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilianza kutandika reli nyembamba kutoka Mombasa kwenda bara. Ndoto ikafa baada ya kilomita chache, na zile reli zikaishia kubeba vigari vya abiria vilivyosukumwa na vibarua katika mitaa ya mji. Unguja nayo ilipata gari moshi la Bububu mwaka 1905, likipenya vichochoro vya Mji Mkongwe, hadi lilipofungwa baadaye. Lakini swali lililowasumbua wakuu wa tramu duniani, kwamba gari limechelewa kwa kipimo gani, limejibiwa hapa chini ya Mlima Meru kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo.

Jibu la kwanza lilikuja na reli. Wajerumani waliifikisha Moshi kutoka Tanga mwaka 1911; Arusha ikasubiri hadi 1929, chini ya Waingereza. Katika reli ya njia moja, saa ni suala la uhai: treni haiingii kipande cha njia mpaka stesheni ya mbele ikubali kuwa njia iko wazi. Stesheni masta akaandika saa ya kufika na ya kuondoka, na kuchelewa kukawa hesabu ya kutoa. Mkulima wa kahawa aliyezoea kupanga safari kwa siku za soko akakuta ubao ukutani unaomwambia dakika.

Jibu la pili ni la barabara. KAMATA, shirika la umma la mabasi lililoundwa 1974, lilikuja na ratiba, ila ratiba haiendeshi basi lisilo na vipuri wala mafuta. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilizidi kuikausha hazina ya nchi. Watu binafsi wakaingia, na baada ya muda vifodi, yaani mabasi madogo ya abiria, vikawa ndiyo usafiri wa mji. Kifodi hakina ratiba. Kinaondoka kikijaa, kwa sababu dereva anadaiwa na tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya siku, na hakuna tajiri anayemuuliza dakika. Siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, gari la Usa River hujaa konda akiwa bado anaita. Siku nyingine abiria wa kwanza hukaa akihesabu vichwa, huku mpiga debe akimwapia kuwa bado mmoja tu.

Wanaomlaumu dereva kwa uzembe wanakosea, kwa kuwa anafuata kipimo alichopewa. Tatizo huanza nje ya stendi. Dereva mmoja anatembea polepole akivizia abiria, wa nyuma anamfikia, kisha wanakimbizana hadi Mianzini. Tuseme njia ina magari sita kwa saa. Yakipishana kwa dakika kumi kumi, abiria anayefika kituoni wakati wowote husubiri dakika tano kwa wastani. Yakija mawili mawili kila baada ya dakika ishirini, wastani unakuwa kumi. Magari ni yaleyale na mafuta ni yaleyale, lakini kusubiri kumekuwa maradufu.

London, kwa njia zenye mabasi matano au zaidi kwa saa, wameacha kuuliza kama basi limefuata ratiba. Wanapima muda ambao abiria amesubiri kupita ule ambao angesubiri kama mabasi yangepishana kwa nafasi zilizopangwa. Kwa maoni yangu, kipimo hicho kinazifaa njia za Sakina na Kijenge hapa Arusha kuliko ubao wowote wa saa.

Treni ya abiria ilirudi Arusha Oktoba 2020, baada ya kukosekana kwa takriban miaka 30. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hufuatilia mabasi ya mikoani kwa vifaa vya setilaiti, hasa kuhusu mwendo kasi. Vifodi havihitaji mtambo wa namna hiyo ili muda wa kusubiri uanze kupimwa. Penye foleni stendi huwa pana mtu anayejua gari gani limetangulia na lipi linafuata. Akipewa daftari na saa ya mkononi, akaandika kila gari limetoka saa ngapi, wiki moja ingetosha kuonyesha njia ipi inawasubirisha watu na kwa kiasi gani. Kazi ngumu ni kumshawishi tajiri akubali gari litoke na viti viwili vitupu.