Kirikou na Mwindo: Watoto Waliozaliwa Wakitembea

Desemba 1998, katika kumbi za sinema za Ufaransa, watazamaji walikutana na mtoto asiyefika hata magotini mwa mama yake. Alisema angali tumboni, akajizaa mwenyewe, na papo hapo akauliza baba yake yuko wapi. Ndiye Kirikou. Filamu hiyo ya katuni ilipata tuzo kuu ya tamasha la Annecy mwaka 1999, ikauza tiketi zaidi ya milioni moja Ufaransa, kisha ikaenea katika miji inayosomesha watoto kwa Kifaransa, ukiwemo Goma ulioko Kivu, mashariki mwa Kongo.

Mtunzi wake, Michel Ocelot, aliishi utotoni Conakry, Guinea. Alitaka sauti za Kiafrika, akazirekodi Dakar na watoto wa huko. Kazi ya muziki alimpa mwanamuziki Youssou N'Dour, kwa sharti la kutumia ala za asili. Kuna waliotaka wanawake wa kwenye filamu wafunikwe vifua. Alikataa, na alifanya vema.

Mtoto anayeitazama huogopa vinyago vinavyomlinda mchawi Karaba. Mtu mzima akiirudia, kinachomgusa ni swali. Kijiji kizima kinamwogopa Karaba. Kirikou peke yake hachoki kuuliza kwa nini ni mbaya. Jibu analipata kwa babu yake mlimani: wanaume walimshika mwanamke huyo wakamchoma mwiba wenye sumu mgongoni. Kirikou anaung'oa kwa meno. Huku Kivu, ambako akina mama wazee bado wanasingiziwa uchawi na kupigwa, swali hilo si la watoto tu.

Lakini Goma ina mtoto wake wa karibu zaidi. Mwaka 1956, katika misitu ya Wanyanga huko Walikale, Kivu, msimulizi Candi Rureke aliimba, akasimulia na kucheza kisa cha Mwindo kwa siku 12, huku Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika. Mwindo naye anaitwa Kabutwa-kenda, yaani aliyezaliwa akatembea. Baba yake, mwami (mtawala) Shemwindo wa Tubondo, alikuwa ameamuru wake zake wazae wasichana tu. Mvulana akatokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, ameshika conga, usinga wake wenye nguvu. Baba akamrushia mikuki, ikamkosa. Akamzika, akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikaelea, mtoto akiimba humo ndani kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura.

Mwindo si mpole kama Kirikou. Anajisifu sana, anamfuata baba yake hadi kuzimu, halafu anamsamehe na kugawana naye utawala. Baadaye anaua joka, rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anampandisha mbinguni kwa mwaka mzima, apigwe na baridi, mvua na jua, mpaka majivuno yamtoke.

Biebuyck alikichapisha kisa hicho mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, kwa Kinyanga na Kiingereza. Darasani Goma mtoto anasoma Kifaransa, na uwanjani anaongea Kiswahili. Anastahili kumpata Mwindo kwa lugha hizo mbili, na ikiwezekana kwa picha zinazotembea, zenye sauti za watoto wa Walikale kama Ocelot alivyowatafuta wale wa Dakar.