Mkato Unaopindua Jina: Ubini katika Orodha za Marejeo ya Kiswahili

Katika maandishi ya Kiswahili, mkato una kazi mbili kuu zinazohusu majina ya watu. Kazi ya kwanza ni kutenga jina la anayeitwa, au kutenga jina linalofafanua nomino iliyotangulia, kama katika sentensi "Mtunzi huyo, Muyaka bin Haji, aliishi Mombasa". Hapa mkato haubadili mpangilio wa jina. Kazi ya pili huonekana katika katalogi za maktaba na orodha za marejeo, ambako mkato hutangaza kwamba jina la mwisho limeletwa mbele. Historia ya kazi hii ya pili inadhihirisha kuwa alama ndogo yaweza kumweka mtunzi chini ya jina lisilo lake.

Wanakili wa tendi kwa hati za Kiarabu hawakuhitaji mkato wa aina hiyo. Alama zao zilitenga vipande vya beti, si sehemu za jina. Jina lilijengwa kwa maneno yenyewe: jina la mtu, kisha bin au binti, kisha jina la baba, na pengine nisba. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, alijulikana kwa mpangilio huo.

Hati za Kilatini, zilizoenezwa na wamisionari na serikali za kikoloni katika karne ya 19 na ya 20, zilikuja pamoja na uakifishaji wa Ulaya na desturi zake za kuorodhesha vitabu. Kanuni ya kupindua jina ilikuzwa katika jamii ambazo jina la mwisho hurithiwa na ukoo mzima. Kwa Waswahili wengi wa pwani, jina la mwisho ni la baba au la babu. Mwana wa Ali Juma huitwa Hamisi Ali. Kanuni hiyo huwaandika "Juma, A." na "Ali, H.", kwa hiyo kazi ya mwana huwekwa chini ya jina la baba yake. Hata istilahi ubini, itumiwayo leo kwa maana ya jina la ukoo, imetokana na bin. Asili yake yaonyesha uzazi wa mtu mmoja kwa mwingine.

Athari zake ni za kisarufi pia. Bin ni kiunganishi cha nasaba kinachodai kijalizo. Katika umbo "Haji, Muyaka bin", neno hilo huachwa likining'inia. Aidha, diwani ya mshairi huyo, iliyohaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940, inambainisha pia kwa nisba ya al-Ghassaniy. Mtafiti basi huweza kulazimika kumtafuta mtunzi mmoja penye M, H na G.

Tatizo hili halikupuuzwa kabisa. Mkutano wa kimataifa wa kanuni za uorodheshaji uliofanyika Paris mwaka 1961 ulikubaliana kwamba neno la kuanzia lifuate, kadiri iwezekanavyo, desturi ya nchi ya mwandishi. Nchini Iceland, ambako majina mengi pia hutokana na jina la mzazi, watu huorodheshwa kwa jina lao la kwanza.

Haifuati kwamba mkato huo uondolewe kila mahali. "Kezilahabi, E." hakuleti utata, kwa kuwa Euphrase Kezilahabi anatambulika kwa jina hilo la mwisho. Lakini Muyaka bin Haji na Mwana Kupona binti Mshamu wanastahili kuorodheshwa kwa mpangilio wao kamili, bila mkato. Mhariri anayetumia kanuni moja kwa wote anaamua, pasipo kukusudia, nani ahesabiwe kuwa mtunzi wa shairi: aliyelitunga, au aliyemzaa mtunzi.