Vuli Inatabirika, Masika Inakaidi

Mwaka 1961 uliwakuta wafugaji wa Kimaasai, Kenya na Tanganyika, wakihesabu mizoga. Ukame ulikuwa umemaliza malisho na malambo. Ilipofika Oktoba vuli ikaanza, na ikawa kama imesahau kukoma. Mto Tana ukavunja kingo, barabara zikakatika, na watu waliokuwa wakipelekewa chakula kwa sababu ya ukame sasa wakawa wanadondoshewa na ndege kwa sababu ya maji. Ziwa Victoria likaendelea kujaa hadi 1964, likiwa limepanda kwa zaidi ya mita mbili.

Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilikuwapo tangu 1929, makao yake Nairobi. Ilipima mvua kwa uangalifu na kuwaonya marubani. Lakini hakuna aliyekuwa na njia ya kusema mwezi Agosti kwamba Novemba ingeleta gharika. Hali ya kesho mtu huitafuta mawinguni. Ya miezi mitatu ijayo huitafuta baharini, na hapo hapakuwa na aliyejua atazame bahari ipi.

Swali la kubashiri msimu mzima lilianzia India, baada ya njaa kuu ya 1876 hadi 1878. Henry Blanford, Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa huko, alijaribu kubashiri mvua za monsuni kwa kuangalia theluji ya Himalaya. Mrithi wake wa baadaye, Gilbert Walker, alikuwa mwanahisabati. Kuanzia 1904 aliwafanyisha makarani wake hesabu za kanieneo, mvua na mafuriko ya mito kutoka pande zote za dunia, mpaka akaona kwamba hewa inapokandamiza upande wa Pasifiki hupungua nguvu upande wa Bahari ya Hindi, kisha hugeuka. Wenzake wengi hawakushawishika. Ilibidi kungoja hadi 1969 ndipo Jacob Bjerknes alipoiunganisha bembea hiyo na El Niño, joto la maji ambalo wavuvi wa Peru walikuwa wakilijua siku nyingi. Mwaka 1986 Mark Cane na Stephen Zebiak wakaitabiri El Niño kwa kompyuta, miezi kadhaa kabla haijatokea.

Kwetu neno hilo liliingia majumbani mwaka 1997. Mvua zilizoanza Oktoba ziling'oa madaraja na kuleta kipindupindu. Kule Garissa na Wajir zikaleta pia homa ya Bonde la Ufa, iliyoua mifugo na watu. Februari 1998, maji yakiwa bado hayajakauka vizuri, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki walikutana Nairobi kwa kikao cha kwanza cha pamoja cha kutoa mwelekeo wa msimu. Vikao hivyo vimeendelea tangu wakati huo, na leo vinaendeshwa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD.

Mwaka uliofuata, 1999, ndipo ilipopatikana sehemu iliyokosekana. N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walieleza kuhusu Dipoli ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yanapopata joto kuliko ya pwani ya Sumatra, unyevu huvutwa kuja huku. Rudi sasa kwenye 1961. Mwaka ule haukuwa na El Niño kabisa. Ulikuwa na dipoli. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote zilizopimwa, Kenya ikajiandaa kwa balaa la 1997, lakini dipoli haikuwa na nguvu kama ya 1997, na gharika iliyotangazwa kwa kishindo haikufika. Mwaka 2019 kinyume chake: El Niño haikuwa na la kusema, dipoli ikafura, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limevunja rekodi yake ya 1964.

Wananchi hawakuelezwa hivyo. Walichokumbuka ni kwamba mwaka 2015 waliogopeshwa bure na fedha zikatengwa. Ndiyo maana Oktoba 2023, Rais William Ruto wa Kenya aliposema El Niño haitakuja kwa ukali uliohofiwa, wengi walishusha pumzi. Mwezi uliofuata mafuriko yaliua zaidi ya watu 100 nchini humo. Desemba, upande wa Tanzania, tope la Mlima Hanang' liliua zaidi ya 80 kule Katesh.

Lakini lawama zote tusiwape wanasiasa. Kwa miaka mingi utabiri wa pamoja ulipatikana kwa makubaliano ya mezani, na watu wakikubaliana mezani hukimbilia katikati: uwezekano mkubwa ukapewa mvua za wastani, hata bahari ilipokuwa ikisema vingine. Hakuna afisa aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kutabiri wastani. Mwaka 2019 ICPAC iliachana na utaratibu huo, ikaanza kutegemea hesabu za modeli moja kwa moja, na binafsi naona hayo ni mageuzi makubwa kuliko setilaiti yoyote.

Kwenye gharika hizo hizo ndipo mjadala wa mabadiliko ya tabianchi ulipokwama. Anayebisha hukuonyesha 1961 na kusema gharika zilikuwapo. Ni kweli, na dipoli ni ya asili. Ila hewa ikipata joto kwa digrii moja hubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilikadiria kwamba joto lililosababishwa na binadamu liliongeza ukali wa mvua za vuli ya 2023 hadi maradufu, dipoli nayo ikichangia kiasi kinachokaribiana. Kwa mafuriko ya masika ya 2024, kundi hilo hilo lilipata ongezeko la asilimia 5 hivi tu. Kwa hiyo diwani anayesingizia tabianchi kila Jangwani ya Dar es Salaam inapofurika, wakati mitaro imeziba na nyumba zimejengwa bondeni, naye anatudanganya.

Masika ndiyo inayowatoa wataalamu jasho. Haiitikii Pasifiki wala dipoli kama vuli inavyoitikia. Kimbunga kimoja kinaweza kuivuruga, kama Idai kilipovuta unyevu kuelekea Msumbiji Machi 2019 na kuwaacha wakulima wa Kenya wakitazama vumbi. Tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010 ilikuwa ikipungua, ilhali modeli za dunia zinasema itaongezeka. Utafiti uliotolewa 2019 ulionyesha kwamba mvua ya kila siku haikupungua nguvu: msimu wenyewe ndio uliofupika, ukichelewa kuanza na kuwahi kwisha. Kwa hiyo ramani ya utabiri ya Agosti inaweza kumsaidia mkulima wa Kitui au Same kuamua ekari ngapi alime. Ramani ya Februari haina uwezo huo, na atakayeitegemea masika ahesabu na gharama ya mbegu za kupanda mara ya pili, akifuatilia taarifa za siku kumi kumi zinazotolewa msimu ukiwa umeshaanza.