Kamera na Giza la Bukonzo

Mwaka huu wa 2026 unatimiza miaka 120 tangu Luigi Amedeo wa Savoia, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia aliyejulikana kwa cheo cha Duke wa Abruzzi, alipofika juu ya kilele cha Margherita katika mlima wa Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, tarehe 18 Juni 1906. Na kwa kuwa ada ya kumbukumbu za namna hii ni kumsifu aliyetangulia kufika juu na kuwaacha nyuma waliofuatana naye, nimeona ni insafu kumtaja mtu mmoja wa msafara ule ambaye kazi yake ingali ikitazamwa hata leo, naye ni Vittorio Sella, mpigapicha wa Biella, aliyeletwa Rwenzori ili aipatie dunia sura ya mlima ambao kwa siku nyingi za mwaka haukubali kuonekana.

Sella alizaliwa mwaka 1859 katika nyumba iliyokuwa imekwisha kuijua sanaa hiyo, maana baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutunga kitabu cha upigaji picha kwa Kiitaliano; na kabla ya kuja kwetu mwana huyu alikuwa amekwisha kupiga picha milima ya Kaukasi, Alaska na Himalaya. Rwenzori ulimpa mtihani wa namna nyingine. Filippo De Filippi, aliyeandika habari za msafara ule katika kitabu kilichotoka mwaka 1908, kwa kutegemea kumbukumbu za Duke kwa sababu yeye mwenyewe hakufuatana nao, asimulia mvua, matope na ukungu, na jinsi wasafiri walivyopiga kambi chini ya mwamba wa Bujongolo wakingojea mawingu yafunguke. Kamera ya zama zile ilikuwa sanduku zito juu ya miguu mitatu, na picha iliandikwa juu ya bamba la kioo. Mabamba hayo yalipandishwa mlimani kwa migongo ya wapagazi, Wakonzo, wenyeji wa mlima huo, wakiwa miongoni mwao, watu ambao hakuna hata mmoja aliyepewa kilele, ilhali vilele vilipewa majina ya malkia na ya wasafiri wa Ulaya.

Sella aliishinda nuru haba kwa njia moja tu, nayo ni kungoja. Alisimamisha miguu mitatu ya kamera yake, akaacha tundu wazi kadiri mwanga ulivyohitaji, akapata picha ambazo wapanda milima wanazistahi mpaka sasa. Hekima hiyo inafaa kwa mwamba na barafu, kwa kuwa mlima huvumilia kungojewa, lakini uso wa mwanadamu hauvumilii: hupepesa, hucheka, hugeuka kumtazama aliyeingia mlangoni. Kwa hiyo taabu kubwa ya kamera katika nchi hii haikuwa kilele cha Margherita, bali ni mtu aliyeketi nyumbani kwake jioni chini ya mlima huo.

Aliyepata kulala Kyondo, au katika kilima chochote cha Bukonzo, nchi ya Wakonzo, anaijua jioni hiyo. Wingu hushuka kutoka mlimani kabla jua halijatua, mabonde yakatangulia kuingia giza, na mara ipitapo saa moja usiku huwa umekwisha kuingia bila ya kuaga, kama ilivyo ada ya nchi zinazopitiwa na mstari wa Ikweta, nao mstari huo wapita katika wilaya hiihii ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Na mambo yanayostahili kupigwa picha aghalabu hutokea saa hiyo au baada yake: bibi harusi kuingia nyumbani kwa mumewe, waombolezaji kukesha matangani, bibi kuwasimulia wajukuu jikoni kwa nuru ya tadoba, au siku hizi kwa taa ya sola. Kwa miongo mingi mambo hayo yote hayakuwa na picha. Watu walishuka Bwera au Kasese kwenda studio, wakasimama wima mbele ya pazia, wakapigwa picha mchana au chini ya taa kali. Na mabwana wa fani hiyo upande huu wa magharibi, mathalan Musa Katuramu wa Ankole, aliyeanza kuwapiga picha majirani zake katika miaka ya 1930, waliutegemea zaidi mwanga wa jua.

Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hurudisha nuru kidogo kuliko ngozi nyeupe, na kwamba mabamba ya zamani, ambayo mengi yake hayakuhisi rangi nyekundu, yaliufanya uso wa rangi ya kahawia uonekane mweusi kuliko ulivyo. Jambo hilo ni la maumbile, wala halina wa kulaumiwa. Lakini namna wanadamu walivyoamua kulikabili ni habari nyingine, nayo ina kisa ambacho kila mwenye simu mkononi apaswa kukijua.

Kisa hicho amekieleza vizuri kuliko wote Lorna Roth, mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Concordia mjini Montreal, katika makala aliyoitoa mwaka 2009 baada ya kuzungumza na watu waliofanya kazi katika kampuni ya Kodak. Tangu miaka ya 1950 kampuni ile iliwapelekea wenye maabara ya kusafisha picha kadi ya kupimia rangi, na juu ya kadi hiyo palikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza kuwekwa hapo aliitwa Shirley, na kadi zote zilizofuata, hata mwanamke aliye juu yake awe na jina gani, zikaitwa kadi za Shirley. Fundi aliitazama kadi, akairekebisha mashine yake mpaka ngozi ya Shirley ikapendeza, kisha akasafisha picha za watu wengine wote kwa kipimo hicho. Hivyo uso wa mtu mmoja ukawa ndio mizani ya nyuso za ulimwengu mzima, na wa kwetu, uliosafishwa kwa mizani ile, ukatoka kama kivuli.

Aibu ilidhihirika zaidi pale watoto weupe na weusi walipoketi pamoja katika picha za shule nchini Marekani. Watoto weupe walitoka wakiwa na pua, mashavu na tabasamu. Wenzao weusi walitoka macho na meno tu, na sehemu nyingine ya uso ikamezwa na giza. Mama zao walilalamika. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, tena yalitolewa mapema, lakini hayakutosha kuifanya kampuni ibadili filamu yake. Na hapa ndipo msomaji atakaposikitika nami, maana Roth asimulia kwamba waliosikilizwa hatimaye walikuwa wafanyabiashara wa aina mbili: watengenezaji wa chokoleti, ambao hawakuweza kuonyesha katika matangazo tofauti kati ya chokoleti nyeusi na ile ya maziwa, na watengenezaji wa samani, ambao mbao zao nyeusi na za rangi hafifu zilitoka sawasawa. Kwa ajili ya kabati na peremende maarifa yakatafutwa, nayo yakapatikana. Na filamu mpya ilipotoka, kampuni haikusema kwamba sasa yaweza kumpiga picha mtu mweusi, bali ilisifu kwamba yaweza kumpata farasi mweusi katika nuru haba. Mtu mweusi aliingia katika picha kwa mlango wa farasi. Kadi yenye wanawake watatu wa rangi mbalimbali haikutolewa mpaka miaka ya 1990.

Wengine hawakungoja. Mkurugenzi wa filamu Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, inasimuliwa kwamba alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi ndani yake. Na kabla ya hapo, mwaka 1970, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, Ken Williams na Caroline Hunter, waligundua kwamba kamera za kampuni yao zinatumika kutengeneza vitambulisho vya kuwabana Waafrika wa Afrika Kusini. Wakaanzisha mgomo wa kususia bidhaa zake, nao haukuisha hadi Polaroid ilipojitoa katika nchi ile mwaka 1977. Kamera yenyewe ilikuwa na kitufe cha kuzidisha nguvu ya taa yake, kilichoweza kuung'arisha uso mweusi. Hivyo wakati nyuso zetu zilipokuwa hazionekani katika picha za furaha, chombo cha kuzionyesha kilikuwapo tayari kwa ajili ya pasi za dhulma.

Mageuzi ya dijitali nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa yanajulikana. Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali mwaka 1975, tena katika kampuni ileile ya Kodak; mwaka 2000 Sharp ikauza nchini Japani simu yenye kamera ya pikseli 110,000; na muda si mrefu simu za namna hiyo zikafika mpaka sokoni Mpondwe, zikavuka mpaka kwenda Kasindi, Kongo, na kurudi. Kilichobaki palepale ni giza. Kibamba kinachopokea nuru ndani ya simu nyingi ni kidogo kuliko ukucha wa kidole, na kipokeapo mwanga kidogo mashine hulazimika kuikuza ishara dhaifu pamoja na makosa yake, ndiyo maana picha za usiku hujaa chengachenga. Kulenga nako ni taabu ya pili. Simu za mwanzo zilizoweza kulenga zenyewe zilitafuta ukali wa picha kwa kusogeza lenzi mbele na nyuma mpaka mipaka ya nuru na kivuli ikajitenga; katika chumba chenye taa moja, uso mweusi ukiwa mbele ya ukuta mweusi, mpaka huo haukuonekana, nayo lenzi ikahangaika kama mtu anayetafuta tundu la kufuli usiku, mwisho ikatulia juu ya kitu kingine, aghalabu shati jeupe la aliyepigwa picha.

Tiba ilikuja kwa vipande. Mwaka 2012 Nokia Lumia 920 ilipewa lenzi inayopingana na mtikisiko wa mkono. Mwaka 2016 Samsung Galaxy S7 ikapewa kibamba ambacho kila pikseli yake husaidia kulenga kwa kulinganisha miale miwili. Na mwaka 2018 Google, kwa kazi ya Marc Levoy na wenzake, ikaonyesha kwamba simu yaweza kupiga picha hadi 15 za muda mfupi kwa mfululizo, ikazipanga moja juu ya nyingine na kuzichanganya, chengachenga zikafutika na uso ukabaki. Subira ya Sella, iliyohitaji miguu mitatu na siku za kungoja, ikakatwa vipande vidogo na kutiwa katika kiganja.

Hata hivyo simu hizo hazikuwa za bei ya Kyondo. Iliyoileta tiba karibu na mfuko wa mkulima wa kahawa ni kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, yenye makao yake Shenzhen, Uchina, na majina ya Tecno, Itel na Infinix, ambayo tangu 2015 iliuza simu za Camon kwa hoja kwamba kamera yake imefundishwa kwa nyuso za Waafrika. Mafundi wake walieleza kwamba mashine nyingine zilishindwa kuukuta uso mweusi gizani kwa sababu zilifuata mzingo wa uso, ilhali wao waliifundisha ya kwao kushika kwanza macho na meno, kisha ikaongeza nuru mpaka mashavu na paji la uso vikaonekana. Msomaji na arudi kwa wale watoto wa shule: alama zilezile mbili zilizobaki baada ya filamu kuwafuta ndizo zilizotumiwa kuwarudisha. Transsion nayo ilifanya hivyo kwa ajili ya faida, ikaipata hata ikaandikishwa katika soko la hisa la Shanghai mwaka 2019. Lakini tofauti ni kubwa kati ya kampuni inayokutazama wewe kama mnunuzi na kampuni inayokuona kwa sababu ilikuwa ikitazama chokoleti. Google yenyewe haikuja na mpango wake wa kuzitendea haki rangi zote za ngozi mpaka mwaka 2021.

Haya si mambo ya mapambo tu. Mito ya Kasese haichagui saa ya kufurika, nayo ilifurika Mei 2013 na tena Mei 2020 ilipoiharibu Hospitali ya Kilembe. Na katika nchi ambayo misiba yake huweza kuja usiku, simu iwezayo kuona gizani ni shahidi. Kwa sababu hiyo nachukizwa na simu ambazo, baada ya kufundishwa kuuona uso mweusi, huuchubua bila ya kuombwa kwa programu za urembo, zikamrudisha Shirley kwa mlango wa nyuma. Na nachukizwa vilevile na sisi wenyewe, tunaopiga picha nyingi kwa siku moja kisha tukaziacha zife pamoja na simu iliyoanguka mtoni. Mabamba ya Sella yamehifadhiwa Biella na wakfu wenye jina la ukoo wake. Negativu takriban 70,000 za Shirika la Utangazaji la Uganda, zilizokaa kimya kwa miaka mingi, zilianza kuhifadhiwa kidijitali mwaka 2018 kwa msaada wa Makerere na Chuo Kikuu cha Michigan. Picha za Bukonzo zimetawanyika katika masanduku ya nguo na katika simu zilizopasuka vioo.

Nawaomba wenye maduka ya simu Bwera na Mpondwe wamwachie mnunuzi aijaribu kamera ndani ya duka lililofungwa madirisha, kwa uso wake mwenyewe, kifungo cha urembo kikiwa kimezimwa, kabla hajalipa. Nawaomba wenye studio za zamani wasichome negativu zao. Na wewe msomaji, chagua picha chache za mwaka huu, zipeleke zikachapwe, kisha andika nyuma ya kila moja jina la mtu, jina la kijiji na tarehe.