Nani Aliamua Mtoto Aangalie Mbele?

Wasee, mlioniuliza kwa nini nimepotea wiki tatu, jibu ni hili: nimekuwa yaya. Ndiyo, mimi, kijana wa miaka 22 niliyeacha chuo mwaka wa pili, natembea Sori nikisukuma kigari cha mtoto. Mtoto ni wa dadangu. Ana miezi mitano sasa. Jina lake atalitangaza mwenyewe akikua. Hapa nyumbani tunamwita Jakom, yaani mwenyekiti, kwa sababu tangu kigari kifike hakuna mwingine mwenye kiti cha maana kwa hii boma.

Kigari kililetwa na shangazi kutoka Nairobi. Ni mtumba lakini kiko fiti. Kiti chake kinatoka ukibonyeza vitufe viwili, halafu unakirudisha vile unataka: mtoto akuangalie wewe, ama akupe kisogo aangalie barabara.

Mwezi uliopita, Jakom akiwa na miezi minne, nilimgeuza aangalie mbele. Sababu yangu ilikuwa ya kijinga, wacha niseme ukweli. Nilitaka video. Mtoto akitazama ziwa, mashua, omena zimeanikwa, jua la jioni. Nikashika simu mkono mmoja na kigari mkono mwingine, tukateremka kuelekea ufuoni. Njia ina mawe na vumbi. Kidogo kidogo mtoto akateleza kwenye kiti, kidevu kikalala kifuani, na mimi niko nyuma nachukua video ya kofia yake. Mama mmoja wa samaki ndiye alinipigia kelele: "Wewe kijana, huoni mtoto amekunja shingo?"

Nilimnyanyua haraka. Uso ulikuwa moto, ana jasho, lakini alipumua vizuri na akalia kama kawaida. Ile video nilifuta. Jioni nikamwambia dani, nyanya yangu. Hakunigombeza. Alimshika Jakom kiunoni, akamketisha mkekani, na alipolegeza mikono mtoto akaanguka mbele pole pole kama gunia halijajaa. Akasema, "Nyakwara, huu mgongo bado ni uji. Unamwonyesha ulimwengu na hawezi kushika kichwa?"

Nilipoweka hiyo stori kwa stetasi mkagawanyika mara mbili. Kundi la kwanza: vigari ni uzungu, sisi tulibebwa mgongoni kwa leso na tukakua. Kundi la pili: mtoto aone dunia mapema, ndiyo akili ifunguke. Nikaamua kufanya kitu ambacho sikufanya sana chuoni. Nikasoma.

Mbuzi, malkia na ndege ya vita

Kigari cha mtoto kinachotajwa sana kuwa cha kwanza kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733. Fundi alikuwa William Kent, msanifu wa majumba na bustani, na mteja wake alikuwa Duke wa Devonshire. Kilikuwa na umbo la kombe, na kilivutwa na mnyama, mbuzi au farasi mdogo. Mtoto aangalie wapi? Aangalie mgongo wa mbuzi, basi.

Miaka ya 1850 vikaja London vigari vya kusukumwa kwa mkono. Charles Burton ndiye jina linalotajwa hapo. Malkia Victoria naye akanunua, na unajua kitu malkia akinunua inakuwaje. Baadaye vikaja vile vizito kama kitanda cha magurudumu, mtoto analala chali na kumwona anayemsukuma.

Halafu tarehe 18 Juni 1889, William H. Richardson wa Baltimore, Marekani, akapewa hataza ya kigari ambacho sehemu ya mtoto inaweza kugeuzwa: akuangalie wewe au aangalie nje. Richardson hutajwa miongoni mwa wavumbuzi Weusi wa Marekani. Kwa hivyo ule ujanja niliocheza nao Sori mwezi uliopita una zaidi ya miaka 130. Na uliwekwa ili mtu mzima achague kila wakati, kulingana na mtoto na safari.

Sasa chaguo lilipotelea wapi? Miaka ya 1960. Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi kwenye magurudumu ya ndege ya vita ya Spitfire, aliona binti yake akihangaika kusafiri kwa ndege na mtoto pamoja na kigari kizito. Akachukua ujuzi wa ndege, mabomba ya aluminiamu na vitambaa, akaunda kigari kinachokunjwa kama mwavuli. Aliomba hataza mwaka 1965, na mwaka 1967 vikaanza kuuzwa. Kilikuwa na uzito wa chini ya kilo 3. Unakibeba kwa mkono mmoja, mtoto kwa mwingine.

Lakini kiti chake ni kitambaa kilichofungwa kwenye fremu. Hakigeuki. Mtoto anaangalia mbele, apende asipende. Vigari vyepesi vilipoenea duniani, kuangalia mbele kukawa jambo la kawaida. Hakuna daktari aliyekaa chini akasema mtoto anahitaji kutazama nje. Ngazi ya ndege na buti ya gari ndizo zilizoamua, na sisi tukaja kuita hiyo "kufungua akili".

Mwaka 2008 mtafiti Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, alikuja na swali letu lenyewe. Wasaidizi wake waliangalia wazazi na watoto 2,722 barabarani huko Uingereza. Wazazi waliotazamana na watoto wao waliongea nao mara mbili zaidi ya wale ambao watoto waliwapa kisogo. Kwa jaribio dogo la watoto 20, wale waliotazama mzazi walikuwa na uwezekano mara mbili wa kulala usingizi, na mapigo ya moyo yalishuka kidogo. Watoto 20 ni wachache, hatuwezi kujenga dini juu yao. Lakini hiyo ya kuongea haihitaji hata mashine. Mimi mwenyewe, Jakom akinipa kisogo, nilikuwa naongea na simu.

Watu wa leso, nanyi mngoje kidogo

Hapa kundi la kwanza linaanza kushangilia. Pole pole.

Mgongoni mtoto haoni uso wa mama. Anaona bega, nywele na barabara kwa upande. Anachopata ni joto, mwendo na sauti inayopita kwenye mifupa, na hicho si kitu kidogo. Ann Moore, muuguzi Mmarekani, aliona akina mama wa Togo wakibeba watoto hivyo, akarudi kwao akatengeneza mbeleko iliyoitwa Snugli, iliyopata hataza mwaka 1969. Cheki hiyo: miaka ileile Mwingereza anakunja kigari, Mmarekani anajifunza leso kwa Mwafrika.

Lakini kubebwa na kuongeleshwa ni vitu viwili. Robert na Sarah LeVine walisoma malezi ya Wakisii, majirani zetu wa hapo juu milimani, utafiti ulioanza miaka ya 1950 na kuendelea miaka ya 1970. Waliona mama wa Kikisii anamshika mtoto muda mrefu, akilia ananyamazishwa chap chap. Ila kumtazama machoni na kupiga stori naye ilikuwa kidogo kuliko kwa akina mama wa Boston waliolinganishwa nao. Lengo lilikuwa mtoto awe salama, ashibe, atulie. Kwa hivyo leso pekee haikupi cheti cha mzazi bora. Unaweza kumbeba mtoto siku nzima bila kumwambia neno.

Na kuhusu mgongo wa uji, jibu liko karibu pia. Miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi na Wakipsigis kijiji cha Kokwet. Waliona mama anamfundisha mtoto kukaa: anachimba kashimo, anamweka humo, anamzungushia blanketi. Watoto hao walikaa wenyewe kama mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwa mbele. Maana yake, kukaa ni kitu mwili unafundishwa hatua kwa hatua. Dani hakuwahi kusikia jina la Super, na alifanya kipimo kilekile mkekani.

Japidi

Nilifikiri dani angekuwa upande wa leso. Nikamuuliza mbona hachukii kigari. Akaniuliza, "Unadhani nani alikuwa anabeba?"

Kwa Kijaluo kuna neno japidi: mlezi wa mtoto. Mara nyingi japidi alikuwa mtoto pia, msichana wa miaka sita, saba, nane. Mama yuko shambani ama ziwani, japidi ana mtoto mgongoni tangu asubuhi. Dani alikuwa japidi wa kaka zake wawili. Nikamuuliza alisoma hadi darasa gani. "Nilisoma mpaka mama akajifungua." Alisema vile mtu anasema mvua ilinyesha. Kaka zake aliowabeba walienda shule. Mmoja alikuja kuwa mwalimu.

Hiyo ndiyo historia haimo kwenye zile picha nzuri za leso tunazoposti. Na wenye vigari wasicheke. Kigari kilipoingia Nairobi ya wakoloni, aliyekisukuma mara nyingi hakuwa mama mwenye nyumba. Alikuwa yaya Mwafrika, amewaacha wake nyumbani na mtu mwingine. Hata hilo neno yaya limesafiri: kutoka Kireno, likapitia India, likatufikia sisi. Kwa leso au kwa magurudumu, daima kuna mikono ya mtu haionekani kwenye picha.

Januari 2003 shule za msingi za serikali zikawa bila karo, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Wengine wao walikuwa majapidi. Ni jambo zuri, hakuna mjadala. Lakini mtoto wa mgongoni alibaki, na kazi ya mama haikupungua. Tunapoambia wasichana wa rika letu "si ubebe mtoto kama mama zetu", tunasahau mama zetu walikuwa na msaidizi asiyelipwa aliyekosa darasa. Dadangu ana miaka 20. Asiporudi kazini hakuna maziwa. Japidi wake ni nani? Ni mimi, mwenye muda.

Wavulana wataniambia hiyo ni kazi ya madem. Hapo Oyugis, mwishoni mwa miaka ya 1960, Carol Ember aliwafuatilia wavulana wa Kijaluo ambao nyumbani hawakuwa na dada wa rika la kufanya kazi hizo, wakalea watoto na kufanya kazi za nyumba wenyewe. Alichapisha mwaka 1973: wale waliofanya hizo kazi za ndani walikuwa na ugomvi na ubinafsi kidogo kuliko wenzao. Kwa hivyo japidi mwanaume si kitu nimeleta na intaneti. Wamekuwepo, ni vile hawakuposti.

Sasa mimi nafanyaje?

Jakom sasa analala chali kwenye kigari, akiniangalia. Akifika kama miezi sita tutampima tena mkekani. Akikaa mwenyewe bila kushikwa, kichwa kikiwa imara hata kigari kikitikisika, nitamgeuza kwa safari fupi, mikanda imefungwa, njia ikiwa tambarare. Akichoka ama akianza kuogopa kelele za boda, namgeuza tena. Kwa mawe ya kuteremka ufuoni ni leso, na mbebaji ni mimi. Na juani sifuniki kigari chote kwa leso, kwa sababu ndani kunakuwa jiko.

Nimeanza pia kumwongelesha. Mwanzo niliona aibu, watu wa soko wanacheka, ati huyu ameacha chuo sasa anafundisha mtoto wa miezi mitano. Namwambia hii ni mashua, hii ni omena, yule ni mama aliyekuokoa shingo. Yeye ananiangalia mdomo kama mwenyekiti anayesikiliza ripoti ya mhasibu.

Jana dani alikisukuma kigari mara ya kwanza, kutoka mlangoni hadi kwenye mti na kurudi. Mikono yake miwili juu ya kishikio, mgongo hauna kitu. Akasimama kidogo. Akasema, "Kumbe ni chepesi hivi."

Leo ukifika nyumbani muulize mzee wako nani alikuwa anakubeba ukiwa mdogo. Si mama, yule mwingine. Halafu muulize huyo alisoma hadi darasa la ngapi. Niandikieni hapo chini, nitasoma yote Jakom akilala.